Nyumba Isiyo na Kengele

2 Februari 1998

Kitinda,

Barua yako nimeisoma nimesimama, koti la maabara bado mwilini, kwa hiyo kama mwandiko huu unanuka maji ya chura usishangae.

Kwanza mwambie mama nimecheka. Daktari wa kliniki amesomea moyo miaka yote hiyo, anamwandikia kidonge, naye anamjibu hamezi kitu mpaka mwanawe aseme. Mwambie mwanawe amesema. Kidonge hicho ninakijua kuliko ninavyowajua majirani zangu, maana kimepita mikononi mwangu kabla hakijafika kwenu.

Nitakueleza, nawe umweleze kwa maneno yako. Kila seli ya moyo ina milango midogo ukutani mwake, midogo hata darubini haiioni. Chumvi ya sodiamu ikiingia, seli inaamka na kujikunja, na hilo ndilo pigo. Kisha chumvi ya potasiamu inatoka kwa mlango wake, seli inatulia na kujiandaa kwa pigo jingine. Moyo wa mama unarukaruka kwa sababu mapigo mengine yanadandia kabla seli hazijatulia sawasawa. Kidonge kinauegemea mlango wa potasiamu. Chumvi inatoka polepole, seli inapumzika muda mrefu kidogo, na yale mapigo ya kudandia yanakosa nafasi.

Kazi yangu ni kuupima mlango huo. Tunachukua yai la chura, tunalitia maelekezo ya mlango wa binadamu, nalo bila kujua linaota milango ya moyo wa mtu. Mimi nalichoma kwa sindano ya kioo, namwagia dawa, naangalia umeme unavyobadilika. Wewe fundi makochi unachoma vitambaa, mimi nachoma mayai. Mama alizaa watu wa sindano.

Ila mlango huo haupendi kuchezewa. Ukizibwa kupita kiasi, moyo unachelewa mno kutulia, na hapo pigo moja likija vibaya linaweza kuuvuruga moyo mzima. Ndiyo maana kuna maswali ambayo lazima yaulizwe. Je, mama amewahi kuzimia? Na je, kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla bila ugonjwa unaoeleweka? Najua kwetu hakuna, Bibi alikufa kwa homa, lakini muulize hivyohivyo. Ndiyo taratibu, na mimi taratibu siziruki hata kwa mama.

Hapa bado nagombana na asubuhi. Kila mtu ana saa ya kengele kitandani ila mimi. Nilinunua moja, nikaiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya droo, nikachelewa kazini. Nyumba yetu ile imeniharibu.

Dada yako

*

13 Februari

Dada,

Mama ameanza kidonge Jumatatu. Alikiweka kwanza kiganjani, akakiangalia, akasema, "Huyu ndiye anayeninyima mwanangu?" Halafu akameza bila maji.

Nimemweleza mambo ya milango. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye chura. Tangu siku hiyo majirani wanaambiwa binti yake anatengeneza mioyo, na chura hatajwi.

Maswali yako nimeuliza. Kuzimia, hapana. Kufa ghafla, hapana. Alijibu upesi kabla sijamaliza kusoma. Nilipomtaja Bibi aliinuka akaenda kuosha kikombe, na kikombe hicho nilikuwa nimekiosha mimi. Nimemjulisha daktari majibu, ameandika, basi.

Kiwanda changu kipo palepale, sponji mpaka kwenye nyusi. Nimepata mabaki mazuri na nimebadilisha yale niliyobandika kwenye fremu za milango hapa nyumbani, maana ya zamani yalishakuwa chapati. Sasa mlango ukifungwa na upepo unasema "pu", mdogo kabisa. Mama amefurahi kama nimemjengea ghorofa.

Anataka kuandika mwenyewe.

Kitinda

Mwanangu, huyu mdogo wako ana maneno mengi. Mimi ni mzima. Kwetu hakuna aliyezimia, usiandike kwenye makaratasi ya watu mambo yasiyokuwepo. Kula. Mama.

*

9 Machi

Dada,

Dawa yako inafanya kazi, na sisemi hivyo kukupamba. Mama anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu, hasimami njiani kushika kifua. Ameanza hata kuimba anapopiga pasi. Nilikuwa nimesahau kwamba ana sauti.

Kuna kitu kimoja, nakuandikia kwa sababu umesema taratibu. Juma lililopita jirani aliangusha sinia la bati kwenye korido, na mama akakaa sakafuni. Nilikuwa chumbani, nilipotoka nilimkuta ameegemea ukuta, macho wazi, uso umekuwa wa kijivu. Akasema ameteleza. Sakafu ilikuwa kavu. Baada ya muda mfupi aliinuka akanifokea kwa kumtumbulia macho, nikajua amepona. Amesema nisikuandikie upuuzi, kwa hiyo huu ni upuuzi na mimi sijakuandikia.

Anakuulizia kila siku. Anasema sauti yako ameanza kuisahau, barua hazina sauti.

Kitinda

*

20 Machi

Kitinda,

Jana nimewachekesha watu wakati wa chakula cha mchana. Walikuwa wanalalamikia saa zao za kengele, nami nikawasimulia kwetu. Kwamba sisi hatukuamshwa kwa kengele wala kwa kuitwa. Mama anaingia chumbani bila viatu, anakushika kidole gumba cha mguu, anakibana kidogo, anangoja mpaka ufumbue macho. Kwamba kengele ya mlangoni aliing'oa baba siku waliyohamia, na anayetaka kuingia anakwangua mlango kwa kucha. Kwamba simu tulikatazwa. Kwamba wewe ukiwa mdogo ulichapwa kwa kupasua mfuko wa karatasi. Nikawaambia mama ni mtu wa kupenda utulivu, na kwamba nilifika chuoni sijui kwamba watu wengine huamshwa kwa makelele.

Wote walicheka isipokuwa mkuu wetu wa maabara, yule mama tunayemwita Miwani. Aliweka kijiko chini. Akaniuliza, "Nani kwenu aliuawa na makelele?"

Nikamwambia hakuna. Akauliza Bibi alikufa vipi, nikasema homa. Akauliza niliiona hiyo homa? Nilikuwa mtoto, Kitinda. Niliambiwa.

Anasema kuna koo ambazo mlango wa potasiamu wenyewe umezaliwa na hitilafu, uleule mlango ninaouchoma sindano kila siku. Moyo wao unapiga vizuri, ila unachelewa kutulia. Kitu kinachowaangusha ni mlio wa ghafla, zaidi wakiwa wamelala au wamepumzika. Kengele, simu, chombo kinachoanguka. Miwani huona ugonjwa hata kwenye kivuli chake, kwa hiyo sikuchukulia kwa uzito sana. Lakini ameamuru nilale kwenye mashine ya kupima umeme wa moyo. Ina foleni, nimepangiwa Jumatatu ya tarehe 30.

Niambie basi, bila mzaha wako. Mama alikaa sakafuni kabla ya sinia kuanguka au baada? Na umuulize kwa upole Bibi alikufa kwa nini hasa. Usimtie hofu.

Dada yako

*

23 Machi

Dada,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Tuna simu.

Sikutanii. Wamepitisha waya mtaani kwetu, na mama, mama yuleyule, alikwenda mwenyewe kuandikisha jina. Nilipomuuliza imekuwaje akasema ule ulikuwa moyo wa zamani, sasa ana moyo aliotengenezewa na mwanawe, na moyo huo hauogopi kengele. Ipo kwenye kile kimeza karibu na kiti chake, rangi ya maziwa, ameifunika kitambaa alichofuma. Kwa sasa inapokea tu, haipigi, mpaka watufungulie. Fundi alipotaka kuijaribu mlio alimkatalia. Alisema mlio wa kwanza ni wa mwanangu.

Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa wino mwekundu. Anaomba upige Jumapili, saa yoyote, atakuwa amekaa. Anaringa nayo hakuna mfano. Ameshawapa namba kliniki, duka la dawa na yule mama wa maziwa, na amewaambia wote wasimpigie bila sababu.

Nami, nikuambie ukweli, ile simu sikuipenda nilipoiona, na sijui kwa nini. Nimezoea kimya, labda ndiyo hivyo.

Kitinda

Mwanangu, nipigie. Sitashtuka. Mama.

*

30 Machi

Kitinda,

Barua hii inakwenda kwa posta ya haraka. Ukiipata, isome ukiwa wima na ufanye ninachosema kabla ya kuisoma mara ya pili.

Mama asimeze tena kile kidonge. Hata kimoja.

Simu ing'olewe ukutani. Usiifunike wala usiiwekee mto, ing'oe waya wake.

Usimkimbilie mama kwa sauti wala usilie mbele yake. Mshike mkono, mketishe, mweleze polepole.

Leo asubuhi nimelala kwenye mashine. Miwani aliushika ule ukanda wa karatasi akauangalia, kisha akaniita nije nitazame mwenyewe. Niliona bila kuelezwa. Pigo langu liko sawa, lakini lile wimbi la kutulia linachelewa, linajivuta, limekaa vibaya. Nimeuona mchoro huo mara nyingi katika vitabu, Kitinda, sikujua ni wangu. Mimi ndiye mgonjwa niliyekuwa namtafuta ndani ya mayai ya chura.

Na kama ninao mimi, nimeurithi. Baba alikuwa anapiga nyundo kutwa nzima na hakuwahi kuyumba. Ni wa mama. Mlango wake ulishazaliwa mbovu, nami nikampelekea dawa ya kuuziba zaidi. Nilimwambia ameze. Nilikuandikia kwa furaha, nikakufundisha na maneno ya kumwambia.

Nimerudi mezani kwangu nikakuta barua yako ya simu. Nimeisoma mpaka kwenye wino mwekundu. Simu ya ofisi iko hapa mbele yangu, ningeweza kusikia sauti yake sasa hivi, na sitathubutu hata kuigusa. Ukimwona amekasirika kwamba sikupiga Jumapili, mwambie namba ilichelewa kufika, na hilo ni kweli.

Usihofu sana kuhusu siku ambazo barua hii itakuwa njiani. Nimewatumia kliniki faksi jioni hii, nimewaandikia waisimamishe dawa na wamfahamishe mgonjwa mara moja bila kuchelewa. Mashine imenitolea karatasi ya kuthibitisha kwamba imefika. Kliniki ni pale tu kona ya pili, watamtuma muuguzi kama walivyomtuma siku zote, yule mfupi anayekwangua mlango kwa kucha. Kwa hiyo utakaposoma haya mama atakuwa ameshajua, na wewe utakuwa unanicheka kwa kuhangaika.

Nimeomba ruhusa kazini. Nangoja nafasi ya ndege.

Dada yako

*

2 Aprili

Dada yangu,

Barua yako ya haraka imefika leo mchana. Jana tumemzika mama.

Sijui niandike vipi. Nitaandika jinsi ilivyokuwa, wewe unapenda mambo yaende kwa mpangilio.

Barua yako ya kidole gumba ilifika Jumamosi. Nilimuuliza kuhusu Bibi. Akasema, "Andika homa." Nikamwambia dada anataka kujua kweli. Akasema, "Kweli yake ni homa." Sikumlazimisha, maana alikuwa anaipangusa simu vumbi na uso wake ulikuwa mzuri.

Jumapili alivaa gauni la bluu akakaa kwenye kiti chake kuanzia asubuhi. Chakula nilimletea palepale. Jioni ilipoingia akasema labda huko kwenu Jumapili ni siku ya kazi. Jumatatu alikaa tena.

Jumanne nilibaki nyumbani nimalizie kushona kiti cha mteja. Asubuhi alisinzia kitini, kichwa kimeegemea upande wa simu. Ikalia.

Dada, sikuwahi kusikia kitu kikubwa hivyo ndani ya nyumba yetu. Sindano iliniingia kidoleni. Mama alifumbua macho akaniangalia, akacheka, akasema, "Ni dada yako." Akanyoosha mkono. Mkono ulifika kwenye kile kitambaa, ukakivuta, simu ikaja nacho mpaka chini, naye akaifuata. Nilimshika. Alitetemeka kidogo, kisha akawa mzito. Nilimwita kwa sauti kubwa, Dada, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilikuwa sijasoma kwamba hairuhusiwi.

Mkonga wa simu ulikuwa sakafuni, unaongea. Niliuokota nikidhani ni wewe. Ilikuwa sauti ya msichana wa mapokezi wa kliniki, mwenye adabu sana. Alisema wamepata ujumbe wa haraka kutoka kwa binti wa mgonjwa, na kwamba mama asimeze kidonge cha mchana. Akasema, "Mmenielewa?" Nikamwambia tumeelewa.

Sikuwa na njia ya kukuita. Simu yetu haipigi. Wazee wakasema tusimlaze zaidi ya usiku mmoja, nami sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Mama mdogo amenieleza jana baada ya watu kutawanyika. Bibi hakufa kwa homa. Alikuwa amejilaza mchana, mfuniko wa sufuria ukaanguka jikoni, basi. Na kaka yao mkubwa kabla ya hapo, kwa saa ya mezani. Watu walikuwa wanawaita ukoo wa kudondoka, na posa ya mama ilivunjika mara mbili kwa sababu hiyo. Ndipo akaapa kwamba wanawe hawatalijua jina hilo, wewe hasa, usije ukakosa mume. Kimya chote kile, Dada, mama alikuwa anatutibu kwa njia aliyoijua, na kwa miaka yote aliiweza.

Usijilaumu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo watu wanavyoandika. Sijui bado kama nakulaumu. Ningependa uje.

Simu sijaing'oa. Nilitaka, lakini ndiyo kitu cha mwisho alichokishika, na tena watu wameipata namba, wanapiga kutoa pole. Tangu jana inalia. Mimi nashindwa kuizoea. Kila ikilia naona giza kidogo machoni na inanibidi nishike kiti. Labda ni kwa sababu sijalala.

Kitinda

*

6 Aprili

Kitinda wangu,

Barua hii anakuletea msafiri anayeondoka sasa hivi. Mimi nimepata nafasi ya keshokutwa.

Ing'oe simu. Ing'oe kabla hujafika mstari unaofuata, nakuomba kwa jina la mama.

Hilo giza si usingizi. Ulizaliwa na mama mmoja na mimi. Usimeze dawa ya mtu yeyote, hata ya kikohozi, mpaka nifike nikupeleke kwenye mashine mwenyewe. Kuna dawa ya kututuliza mimi na wewe, ya aina nyingine, haigusi mlango ule. Nimeanza kuimeza. Yako ninayo kwenye mkoba, lakini huimezi kabla hawajakupima.

Kliniki walinijibu faksi Jumanne ileile. Mstari mmoja: "Mgonjwa amepigiwa simu." Niliusoma nikawa nashukuru. Nilikwenda kula, nikala vizuri. Nilikula sahani nzima, Kitinda, saa hiyo mmemfunika. Niliuelewa jana, nilipofungua barua yako. Nikarudi kwenye ile ya tarehe 23, na mstari upo pale, kwa mwandiko wako mzuri, kwamba amewapa kliniki namba. Niliusoma na haukuniingia. Nilikulia katika nyumba ambayo habari huja kwa miguu, na katika mambo yote niliyoyafikiria jioni ile, hilo halikunijia kwamba kuna mtu angetupigia simu.

Nimewatumia faksi nyingine asubuhi hii, kwa ajili yako. Mara hii nimeanza na herufi kubwa juu kabisa: MSIPIGE SIMU. NENDENI KWA MIGUU. MKWANGUE MLANGO. Bado hawajajibu. Kila mashine inapoanza kutoa karatasi nainuka.

Unilaumu ukitaka, utakuwa na haki. Unilaumu nikiwa mbele yako.

Nitafika Jumatano. Usije kunipokea, kaa ndani, kaa kwenye sponji zako, waambie watu wazungumze polepole. Mlango usiufunge kwa ufunguo. Nitavua viatu nje. Kama nitakukuta umelala nitakushika kidole gumba cha mguu, nikibane kidogo, na nitangoja mpaka ufumbue macho.

Dada yako